Maswali ya Wasomaji: Gharama ya Kutanguliza Wengine Hubebwa na Nani?

Barua nne ninazozijibu katika toleo hili ziliandikwa na watu wasiojuana, na kila mmoja aliamini kwamba jambo linalomsumbua ni lake peke yake. Nilipozisoma kwa mfululizo niliona kwamba wote wanne wanauliza juu ya neno moja tunalolitamka mara nyingi makanisani na kulichunguza mara chache, yaani kujitoa kwa ajili ya wengine, hasa pale anayejitoa anapokuwa kiongozi. Nimezifupisha barua hizo na kuondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mwandishi.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Huu ni mwaka wangu wa nane nikiwa mwenyekiti wa kwaya. Ninafungua ukumbi, ninanakili nyimbo, ninawatembelea wagonjwa, ninapatanisha waliogombana, na michango ikipungua ninaijazia kutoka mfukoni mwangu bila kumwambia mtu. Tangu utotoni nilifundishwa kwamba Mkristo hutanguliza wengine, nami nimejitahidi kuishi hivyo. Lakini siku hizi nikiona wanakwaya wanaingia mazoezini wamechelewa huku wakicheka, moyo wangu unawaka. Mwaka huu niliugua wiki tatu, na katika wiki hizo kwaya haikukutana hata mara moja. Walipokuja kunitazama walisema, "Bila wewe hakuna kwaya." Nilifurahi mno kuyasikia maneno hayo, kisha usiku nililia kwa sababu nilikuwa nimefurahi. Je, nimepotea njia, au huu ndio msalaba wenyewe?

JIBU: Mpendwa mwenyekiti, machozi ya usiku ule yalikuwa ya mtu mkweli, na ningependa tuanzie hapo kabla ya kuugusa uchovu wako. Furaha uliyoiona moyoni mwako ni furaha ambayo karibu kila mtu aliyewahi kuongoza ameionja. Hata hivyo ulihisi, na ulihisi sawasawa, kwamba ndani ya sifa ile mlikuwa na habari mbaya: kazi ya miaka minane imejenga kwaya isiyoweza kusimama kwa wiki tatu.

Nami niliwahi kuongoza kikundi cha vijana kwa miaka kadhaa, nikahama kwa sababu ya kazi, na kabla ya mwaka kwisha kikundi kilikuwa kimesambaratika. Nilipopata habari hizo, jambo la kwanza lililonijia lilikuwa kuridhika, kana kwamba kufa kwa kikundi kulithibitisha ubora wangu. Ilinichukua muda mrefu kukiri kwamba niliwanyima vijana wale nafasi ya kujaribu, kukosea na kukomaa, kwa sababu nilipenda kuhitajiwa. Nakuandikia haya nikiwa mtu aliyepita njia hiyo.

Isome tena habari ya Martha katika Luka 10. Mara nyingi huhubiriwa kana kwamba kosa la mama yule lilikuwa kufanya kazi, ilhali kumpokea mgeni nyumbani halikuwa kosa hata kidogo. Kilichofichuka ni maneno yaliyomtoka: alimlalamikia ndugu yake kwa kumwacha atumike peke yake, na papo hapo akamlalamikia Bwana kwamba haoni vibaya jambo hilo. Huduma iliyoanza kwa upendo ilikuwa imefika mahali pa kumhukumu hata yule anayehudumiwa. Moyo wako unapowaka kwa ajili ya wanaochelewa, uko karibu na jiko la Martha, na Bwana alimwita kwa jina lake mara mbili, kwa upole, bila kumfukuza.

Zaidi ya Martha, ningekusihi ukae na Musa. Katika Kutoka 18 alikuwa akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, peke yake, nao wamesimama wakingoja. Mtu angeweza kumsifu kwa kujitoa kwake. Mkwewe Yethro alipoliona jambo hilo alimwambia wazi kwamba afanyalo si jema, na sababu aliyoitoa ndiyo inayotuhusu: atadhoofika yeye, na watu walio pamoja naye watadhoofika vilevile. Yethro aliwatazama wale waliosimama kwenye foleni. Aliona kwamba bidii ya kiongozi mmoja ilikuwa inalipiwa na maelfu waliopoteza siku nzima kumngoja, na kwa hiyo akashauri wawekwe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, ambao mashauri madogo yangeishia kwao.

Ushauri huo haukumaliza kazi katika moyo wa Musa. Katika Hesabu 11 tunamkuta amelemewa kiasi cha kumwomba Mungu amwue, na Mungu anamtwalia wazee 70 ili wauchukue mzigo wa watu pamoja naye. Wawili kati ya walioandikwa, Eldadi na Medadi, hawakwenda hemani, lakini Roho aliwashukia kambini nao wakatabiri huko huko, na Yoshua akataka wakatazwe. Musa akamwuliza kama anaona wivu kwa ajili yake, kisha akasema laiti watu wote wa Bwana wangekuwa manabii. Kwangu mimi hapo ndipo tunapoona mtu aliyejisahau kweli. Alikuwa ameshazoea kufanya kazi mpaka jioni, na jambo hilo lilimwezekana hata alipokuwa akilalamika. Kufurahi kwamba kipawa chake sasa kimo ndani ya wengine, tena mahali asipopasimamia, lilikuwa jambo gumu zaidi.

Paulo anatupatia maneno mawili ya kupimia kazi zako. Katika Wagalatia 6 anasema tuchukuliane mizigo, na mistari michache baadaye anasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Mzigo ni ule unaomwangusha mtu asipopata msaada, kama ugonjwa, msiba, au ugomvi uliomshinda. Furushi ni lile la kila msafiri, analoweza na anapaswa kulibeba. Kumtembelea mwanakwaya mgonjwa ni kuchukua mzigo. Kumlipia mchango mtu mwenye uwezo wa kuutoa, kunakili nyimbo ambazo wengine wangeweza kuzinakili, na kufungua mlango kwa miaka minane huku watu wengine wana mikono, ni kulibeba furushi la mtu mwenye afya mpaka akasahau kwamba ni lake.

Kwa hiyo ningefanya hivi. Ningewaeleza wanakwaya kwa utulivu kwamba nimekuwa nikijazia michango kwa siri, kwa sababu hawawezi kubeba gharama wasiyoijua. Ningewakabidhi watu mahususi funguo, nyimbo na ziara za wagonjwa, nikataja tarehe ambayo nitaacha uenyekiti, na kuanzia hapo ningemfundisha atakayenifuata. Kisha lije jambo litakalokuuma: siku mwenye funguo atakapochelewa, usikimbie kufungua. Waache wasimame nje nusu saa. Kazi itafanyika vibaya kuliko ulivyokuwa ukiifanya, na huenda ikawa hivyo kwa miezi mingi, nawe utatamani kuirudisha mikononi mwako.

Umeuliza kama huu ni msalaba. Katika Yohana 10 Bwana anasema kwamba hakuna amwondoleaye uhai wake, bali anautoa mwenyewe. Unapoona uchungu umejaa moyoni, mara nyingi ni dalili kwamba unatoa vitu ambavyo hukuamua kuvitoa, vilivyonyofolewa kidogo kidogo na mazoea. Rudi uamue upya, na utakayoyashika, yashike kwa hiari. Kumbuka pia kwamba wanafunzi waliporudi kutoka kazini katika Marko 6, Yesu aliwaambia waende faragha wakapumzike kidogo, ingawa watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula.

SWALI: Nimechaguliwa hivi karibuni kuwa mzee wa kanisa. Nimegundua kwamba mhazini wetu, mtu mwenye umri mkubwa na anayeheshimiwa na wote, hutoa fedha za mfuko wa wajane bila kuandika popote, na mara mbili wajane waliofika waliambiwa hakuna kitu. Sina ushahidi wa wizi. Huenda ni uzembe tu. Nilipomgusia mzee mwenzangu alinijibu kwamba kiongozi wa Kikristo hunyenyekea, humhesabu mwenziwe kuwa bora kuliko nafsi yake, na mengine humwachia Mungu. Je, nikinyamaza nitakuwa nimemtanguliza mwenzangu?

JIBU: Ndugu yangu, ukinyamaza utakuwa umemtanguliza mtu mmoja anayekula mezani pamoja nawe na kuwarudisha nyuma wajane ambao hawana kiti katika kikao chenu. Kimya hicho kinaweza kuonekana kama upole kwa sababu wanaoumia hawapo chumbani. Ndiyo maana katika jambo lolote la namna hii mimi hujiuliza kwanza ni nani atakayelipia kimya changu, na nikiona kwamba nitalipia mimi mwenyewe, kwa kuvumilia dharau au kukosa nafasi, basi naweza kunyamaza kwa amani. Nikiona atalipia mtu dhaifu kuliko mimi, sina ruhusa ya kuuita ukimya huo unyenyekevu.

Biblia ina mfano mchungu wa kiongozi mpole kwa watu wasiofaa. Eli kuhani alijua kwamba wanawe walikuwa wakiwanyang'anya waabudu nyama ya sadaka, hata kwa nguvu. Aliwasema kwa maneno, lakini hakuwazuia. Shtaka aliloletewa katika 1 Samweli 2 ni kwamba aliwaheshimu wanawe kuliko Mungu, na ukisoma sura hiyo polepole utaona kwamba waliogharimia heshima hiyo walikuwa watu wa kawaida waliopanda Shilo na sadaka zao.

Mwenzako amenukuu Wafilipi 2, na amenukuu vizuri, lakini ameishia mapema. Maneno yanayofuata yanatuagiza kuangalia mambo ya wengine, na wajane wamo katika hao wengine. Paulo aliyeandika maneno hayo ndiye yule anayesimulia katika Wagalatia 2 jinsi alivyompinga Petro ana kwa ana kule Antiokia, kwa sababu Petro alikuwa akila pamoja na waumini wa Mataifa kisha akajitenga nao kwa kuwaogopa watu waliotoka kwa Yakobo. Paulo hakuwa akitetea cheo chake. Alikuwa akiwatetea watu walioachwa mezani peke yao.

Nadhani tumelipaka rangi tukio la kutawadhana miguu mpaka tumesahau kilichofanyika. Katika Yohana 13 Yesu anavua mavazi yake, anajifunga kitambaa, anainama na kushika miguu yenye vumbi. Anayetawadha mtu miguu hawezi kujifanya kwamba miguu hiyo ni safi; anaikubali ilivyo na anaigusa. Petro alipokataa, Yesu hakumwacha kwa jina la heshima, bali alimwambia kwamba asipomtawadha hana shirika naye. Lipo onyo la kweli linalofanana na kazi ile, nalo linahitaji mtu ainame kwanza.

Sasa namna ya kuinama. Paulo anamwagiza Timotheo asimkemee mzee bali amwonye kama baba, na Bwana anaagiza katika Mathayo 18 kwamba uende wewe na yeye peke yenu. Basi nenda kwake kabla ya kuzungumza na mtu mwingine zaidi, na nenda na swali badala ya hukumu: mwulize fedha za mfuko huo hutunzwa vipi, na ni nini kilichotokea mara hizo mbili. Huenda utagundua kwamba ameachiwa kazi kubwa bila msaidizi, au kwamba macho yake hayaoni vizuri na anaona haya kusema. Kisha pendekeza kwake kwamba mwende pamoja kwenye halmashauri kuomba utaratibu wa stakabadhi, sahihi za watu wawili kila fedha zinapotoka, na taarifa ya maandishi isomwe kwa waumini. Utaratibu huo ni ngao yake. Paulo mwenyewe alipopeleka mchango wa makanisa hakutaka kuaminiwa tu. Anaeleza katika 2 Wakorintho 8 kwamba aliwatuma ndugu wengine waandamane na mchango, asije akalaumiwa na mtu, na kwamba alitunza yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Mhazini akikataa, wachukue wengine wawili. Akikataa tena, halmashauri ihusike. Katika muda huo wote wajane wasingojee mwisho wa mashauri, watafutiwe fedha kwingine. Katika Matendo 6, wajane wa Kiyunani waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakusema kwamba manung'uniko ni utovu wa imani. Waliitisha mkutano na kuwaagiza wanafunzi wachague watu 7 wenye sifa njema wa kuishughulikia kazi hiyo.

Niruhusu neno moja zaidi, kwa kuwa umechaguliwa hivi karibuni. Jichunguze kama ndani yako pana hamu ya kujulikana kama mtu aliyeleta usafi. Ukiiona, usiache kwenda, ila usimhadithie mtu yeyote kwamba ulikwenda.

SWALI: Nina miaka 23 na natamani kuwa kiongozi katika kanisa. Rafiki zangu wananiambia kwamba kutamani uongozi ni kiburi, na kwamba mtu mnyenyekevu hungoja kuitwa. Je, tamaa hii ni dhambi?

JIBU: Si dhambi kwa yenyewe. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba mtu akitaka kazi ya askofu, atamani kazi njema, na utaona kwamba anaiita kazi. Yakobo na Yohana walipoomba kuketi mmoja mkono wa kuume na mwingine mkono wa kushoto, Yesu aliwauliza kama wanaweza kukinywea kikombe anywacho yeye, yaani aliwaonyesha bei ya kile walichokuwa wakikiomba. Wenzao kumi walikasirika, na naamini hasira yao haikuwa safi kuliko ombi la wale wawili. Ndipo akawaita wote akawaambia kwamba anayetaka kuwa mkubwa kwao atakuwa mtumishi wao. Hakumkataza mtu kutaka; alibadilisha kinachotakwa.

Jipime hivi: katika kazi za kiongozi unazozitamani, chagua ile ambayo hakuna atakayejua umeifanya, uifanye kwa mwaka mmoja. Baada ya hapo mtazame Barnaba. Yeye ndiye aliyemchukua Sauli, ambaye ndiye Paulo, wakati kila mtu alimwogopa, na baadaye akasafiri mpaka Tarso kumtafuta ili wafundishe pamoja Antiokia. Mwanzoni mwa Matendo 13 majina yanaandikwa Barnaba na Sauli, lakini kabla ya sura hiyo kwisha mpangilio umegeuka na kuwa Paulo na Barnaba, wala hatusomi popote kwamba Barnaba alilalamika kwa ajili hiyo. Ukiweza kumtafuta mtu atakayekupita, tamaa yako iko mahali pazuri.

SWALI: Baba yangu ni mchungaji. Watu hunisimamisha njiani kunisimulia jinsi alivyokesha nao hospitalini au alivyowapatanisha na wake zao. Nawaamini, kwa sababu ndivyo alivyo. Lakini siku ya mahafali yangu hakuja, na siku Mama alipofanyiwa upasuaji alifika jioni, akasali, akaondoka kwenda kwenye mkutano. Tukilalamika anasema kazi ya Bwana ni ya kwanza na familia ya mtumishi lazima ikubali kujitoa. Nampenda na sitaki kumwaibisha. Lakini nimeanza kulichukia neno "kujitoa", na wakati mwingine naogopa kwamba nitamchukia Mungu pia. Je, mbinafsi ni mimi?

JIBU: Binti yangu, hapana. Nimekaa na barua yako kuliko zote, na nilitaka neno hilo lije kwanza.

Tunapofundisha kwamba Mkristo hutanguliza wengine, tunaelekea kufikiri kwamba hao wengine ni watu walio nje ya mlango wa nyumba. Mke na watoto huhesabiwa kama sehemu ya nafsi ya mtumishi mwenyewe, kama mkono wake au usingizi wake, kwa hiyo akiwanyima wao huona kwamba amejinyima yeye. Hapo ndipo kosa linapoingia kwa siri. Wewe si sehemu ya baba yako. Wewe ni jirani yake, tena wa karibu kuliko wote, na muda aliotakiwa kukupa siku ya mahafali ulikuwa wako.

Katika 2 Samweli 24 Daudi alikwenda kwa Arauna kununua kiwanja cha kupuria nafaka ili ajenge madhabahu. Arauna, kwa ukarimu, akajitolea kumpa kila kitu bure: kiwanja, ng'ombe wa sadaka, na vyombo vya kuwa kuni. Daudi akakataa. Alisema hatamtolea Bwana, Mungu wake, sadaka za kuteketezwa asizozigharimia, akavinunua kiwanja na ng'ombe kwa shekeli 50 za fedha. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi nikihimiza watu watoe kwa ukarimu, na ilinichukua miaka kuona upande wake wa pili, kwamba mfalme alikataa kumpelekea Mungu sadaka ambayo gharama yake imebebwa na mtu mwingine. Baba yako, bila kukusudia, amekuwa akipeleka madhabahuni kitu ambacho nyinyi ndio mmekilipia, na hakuwauliza.

Bwana Yesu alilizungumzia jambo la jamii hiyo kwa ukali. Katika Marko 7 anawakemea watu waliosema kwamba mali ambayo ingewasaidia baba au mama imekuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, na kwa maneno hayo wakajiona wamesamehewa wajibu wao kwa wazazi. Anasema kwamba kwa njia hiyo wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Hapo walioachwa ni wazazi, na kwenu walioachwa ni mke na watoto, lakini njia iliyotumika ni ileile: jina la Mungu limewekwa mahali ambapo mtu wa nyumbani alikuwa akingoja. Yesu mwenyewe, alipokuwa akiifanya kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kufanywa kwa ajili ya watu wengine, alimwona mama yake karibu na msalaba, akamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda. Paulo naye hamhesabu kuwa mwangalizi mtu asiyeweza kuisimamia nyumba yake mwenyewe vema, maana anauliza atalitunzaje Kanisa la Mungu.

Sitaki uelewe kwamba nyumba ya mtumishi haitaguswa kamwe na kazi yake. Zipo simu za usiku ambazo lazima zipokelewe, na ninazijua familia zilizoamka pamoja na mchungaji, zikampa koti lake na kumwombea njiani, na watoto wake wakakua bila uchungu. Tofauti niliyoiona katika familia hizo ni kwamba ziliulizwa. Mtu aliyeulizwa akakubali amekuwa mtoaji pamoja na baba yake, na mtu asiyeulizwa ameondolewa tu kitu chake.

Mwaka 1941, katika kambi ya mateso ya Wanazi iitwayo Auschwitz, padre Mpolandi aitwaye Maximilian Kolbe alitoka mstarini akaomba afe badala ya mfungwa mwenzake, Franciszek Gajowniczek, ambaye alipochaguliwa kufa kwa njaa alilia kwa ajili ya mke wake na watoto wake. Ombi lilikubaliwa, Kolbe akafa tarehe 14 Agosti mwaka huo, na Gajowniczek akaishi mpaka mwaka 1995. Husimuliwa kama habari ya ujasiri, na ujasiri upo. Ninapofikiria nyumba kama yenu, mimi huona jambo jingine: kilio kilichomtoa padre yule mstarini kilikuwa kilio cha mtu anayeogopa kwamba watoto watamkosa baba yao, na alichokitoa ili kukijibu kilio hicho kilikuwa uhai wake mwenyewe.

Sasa kuhusu hofu yako ya kumchukia Mungu. Mungu anayesemwa katika Ezekieli 34 anawakasirikia wachungaji kwa niaba ya kondoo walioachwa, na anaahidi kwamba atawatafuta yeye mwenyewe. Ukimlilia juu ya jambo hili hutakuwa unazungumza na mtu wa upande wa pili.

Kuzungumza na baba yako ni kazi nyingine, na naona umeichukua kwa heshima, kwa kuwa hutaki kumwaibisha. Usiseme neno lolote siku ambayo ameshakuumiza, wala mbele ya waumini, wala kwa kupitia mtu mwingine kabla hajasikia kutoka kwako. Zungumza kwanza na mama yako, maana huenda amebeba zaidi yako na amekaa kimya kwa ajili yenu. Msikubaliane jambo la kumtega, mkubaliane tu kwamba mtasema kweli. Kama ni vigumu kusema mdomoni, mwandikie. Asianze kusoma orodha ya makosa, kwa sababu mtu aliyechoka husoma orodha kama mashtaka, naye ameshazoea kujitetea kwa jina la Bwana. Anza na yale ambayo watu hukusimulia njiani, umweleze kwamba unayaamini na unajivunia, kisha umwambie kwamba wewe pia ungependa kuwa mmoja wa watu wenye la kusimulia. Mtajie siku ya mahafali na siku ya upasuaji, hizo mbili tu, na useme zilivyokuwa kwako bila kumweleza yeye ni mtu wa namna gani.

Huenda atajibu kwa mstari wa Biblia. Msikilize mpaka mwisho, usishindane naye kwa mstari mwingine siku hiyo, hata huu wa Arauna niliokupa. Mwulize tu ni jioni ipi ya wiki hii ambayo anaweza kula pamoja nanyi, simu yake ikiwa katika chumba kingine, na akiitaja, waambie ndugu zako wawepo.